Gurudumu Nililolisuka kwa Sikio

Tatu mwanangu,

Zamani barua ilianza kwa kuulizana hali, kisha mtu anasema yeye ni mzima, hofu ni kwako tu uliye mbali. Hayo nayaruka. Hali yako naijua. Uko Bangwe unamuaga bibi yako, na bila shaka amekushikilia hapo mpaka umalize sahani ya pili. Treni ni kesho. Nimefunga karakana baada ya adhuhuri. Mama yako yuko uani anakaanga sambusa za safari, utadhani behewa zima ni ndugu zetu. Mimi nimekaa kwenye benchi la kazi na kalamu.

Utaona mwandiko umelala. Siku hizi kalamu naishika kwa macho. Nikitazama pembeni kidogo inadondoka, na sijui kama imedondoka mpaka niisikie sakafuni.

Ya maji ya kuchemsha, ya kufunga begi kwa kufuli, ya kutopokea juisi ya mtu usiyemjua, mama yako ameyasema wiki nzima na atayarudia stesheni. Siyagusi. Mimi nina jambo moja. Juzi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko nikitafuta ndoo, nikakusikia unamwambia mama yako, "Nitampigia yule bosi wa Arusha nimwambie ile kazi nimeghairi. Baba hawezi kubaki na magurudumu peke yake." Mama yako alikuwa anachekecha unga, akaendelea kuchekecha. Jana ukaniambia kwa mdomo wako kwamba safari ipo palepale, lakini macho yako yalikuwa kwenye mikono yangu. Kwa hiyo najua kesho utapanda treni nusu. Nusu yako itakaa kitini, nusu itakuwa inatafuta sababu ya kushuka Tabora. Barua hii naiandikia hiyo nusu ya pili.

Mtaa mzima wa Kasingirima unaniuliza kama nina huzuni. Wananishika bega, "Pole Fundi, binti ndiyo huyo anakwenda." Nasema asante. Ukweli ni kwamba nimejipapasa ndani kama mtu anayetafuta funguo kwenye mifuko yote ya kanzu, sijakuta kitu. Si kwamba sikupendi, usije ukaelewa hivyo ukaanza kulia kwenye treni ya watu. Ni ganzi. Ilianzia kwenye ncha za vidole, naona sasa imepanda. Daktari wa sukari anasema haifiki moyoni. Sawa. Yeye amenipima vidole, moyo hajaupima.

Ngoja nianze na ile ringi iliyopasuka, maana ndiko ulikoanzia wewe.

Ulikuwa kidato cha pili. Yule daktari wa kambi ya wakimbizi, mzungu mrefu aliyekuwa akishuka na baiskeli yake kwenye vilima vya Kasulu siku za mapumziko, alituletea gurudumu la nyuma linalocheza. Ringi nyeusi, pana, nyepesi mpaka nikadhani ni plastiki. Kaboni, alisema. Nilicheka. Nikasema hii ni ringi ya maonyesho. Nikaipandisha kwenye stendi nikakaza spoku kama ninavyowakazia wapagazi wa Kibirizi, wale wanaofunga magunia ya dagaa nyuma mpaka baiskeli inainua pua. Halafu nikapampu. Unajua kwetu hapa tairi likibonyea ni aibu ya fundi. Mtu anakuja, analikandamiza kwa dole gumba, likibonyea hata kidogo anakutazama usoni kama umemwibia. Basi nikapampu mpaka likawa jiwe, halafu nikaongeza kidogo kwa ajili ya sifa. Ta! Ukingo wa ringi ukachanika mchana kweupe, na kijiwe kizima kikalala chini kikidhani ni bunduki.

Unakumbuka nilichofanya baada ya hapo? Nilichukua nyundo. Nyundo, Tatu! Ringi ya chuma ikipinda unaigonga, inarudi. Basi nami nikaigonga ile. Kila pigo likazidi kuibomoa, na mimi nikazidi kupiga kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Daktari alipokuja alisimama, akatazama, akasema, "Pole, fundi." Nami nikamjibu, "Pole wewe mwenye baiskeli." Akacheka, akaacha vipande palepale. Mimi nilitaka kuvitupa. Wewe ukaokota kimoja, ukakigeuza pale kilipokatika, ukasema, "Baba, ndani kuna tabaka. Ni kama chapati." Kisha ukauliza, "Nani aliamua hapa ziwe nyingi na hapa chache?"

Miaka yote ya kazi yangu sikuwahi kuwaza kwamba ringi imeamuliwa na mtu. Niliichukulia kama muhogo, inatoka ardhini ilivyo, kazi yako ni kuimenya. Kumbe kuna mtu mahali amekaa na penseli akasema huku kwenye matundu ya spoku tuongeze nguvu maana ndiko kunakovutwa, huku tupunguze. Tangu siku hiyo hukuacha kuchora. Kuta za chumba chako zikajaa ringi zilizokatwa katikati, mama yako akawa anasema mtoto anachora vidomo vya samaki.

Halafu yakaja mabishano ya upana. Hayo nayakumbuka vizuri kwa sababu nilishindwa. Mimi nilishikilia kwamba ringi nyembamba ndiyo yenye mbio, pana inavuta upepo na inakula nguvu za mpandaji. Ndivyo nilivyofundishwa na aliyenifundisha. Wewe hukubishana kwa vitabu. Ulikwenda kwa mama yako ukachukua kanga mbili. Moja ukaisokota ngata nyembamba, nyingine pana. Ukajitwisha ndoo ya maji juu ya ile nyembamba, ukatembea uani, maji yakamwagika mpaka kwenye kandambili zangu. Ukabadilisha ngata, ndoo ikatulia. Ukaniambia, "Tairi ni ndoo, Baba. Ringi ndiyo ngata."

Nikatafuta pa kutokea, nikasema kama ni hivyo basi tuifanye pana kama sinia. Ukasokota ya tatu, kubwa kupita kitako cha ndoo, ukatembea, na ngata ikakuvuta nywele na kukuangukia machoni. Ukasema ikizidi, tairi linakuwa bapa, mabega yake yanatoka nje, na mtu akikata kona linamtupa. Kuna mahali pa katikati, milimita thelathini na ushee kwa tairi za milimani. Mama yako alikuwa anatazama mlangoni. Akasema, "Baba Shabani, leo umetwishwa."

Ukanipeleka tena kwenye mchanga wa ufukweni Bangwe, baiskeli moja na magurudumu mawili ya kubadilisha, la ringi nyembamba na la ringi pana, ukatoa upepo kwenye ile pana mpaka nikaona aibu kuipanda. Kwenye ile nyembamba nilizama kama ng'ombe. Kwenye ile pana nilipita, mchanga ukanyamaza chini yangu, na kwenye mawe ya kule mbele mikono haikuuma. Niliposhuka ukaniuliza, "Vipi?" Nikasema tairi lilikuwa jipya, ndiyo maana. Halikuwa jipya. Lilikuwa na viraka vitatu na viwili nilivibandika mimi.

Nilipenda sana mambo yawe jiwe, Tatu. Kaka zako wawili niliwapampu vivyo hivyo. Shabani akikosea hesabu, nazidisha. Akinyamaza, nazidisha. Sasa yuko Dar, anapiga simu kwa mama yake, na mimi nasalimiwa kwa kupitishiwa, "Msalimie mzee." Sikumpiga sana kuliko baba wengine. Sikumwachia nafasi ya kubonyea, basi. Wewe ulizaliwa wa tatu, mimi nimechoka, pampu imeanza kuvuja, nadhani hiyo ndiyo bahati yako. Watakuja watu huko watakaotaka uwe mgumu muda wote. Mimi nilichokiona ni kwamba tairi laini kidogo ndilo lililopita mchangani. Zaidi ya hapo sijui.

Sasa nije kwenye vidole, ambako hatujawahi kukaa tukazungumza.

Nilijua siku nilipoegemea chuma cha moto pale kwa mfua vyuma. Nilisikia harufu ya nyama, nikamwambia jamaa, "Leo mnachoma mshikaki?" Akanitazama mkono. Nilikuwa mimi. Wakapiga kelele wote, mimi nikawa nauangalia kama mkono wa mtu mwingine. Nilirudi nyumbani nikakuambia nimejikwaruza. Wiki ile ile yule Bosco, kijana wetu wa kubeba dagaa, aliyelelewa kambini na sasa ana mke na watoto Kibirizi, alirudi na gurudumu nililomsukia spoku. "Shikamoo Mzee. Samahani Mzee, gurudumu linacheza ngoma." Nikalishika. Spoku zote kwangu zilikuwa sawa. Iliyolegea na iliyokazwa, sawa tu, kama kushika nyasi. Nikamwambia barabara ndiyo mbaya. Akasema, "Ego, Mzee," yaani ndiyo kwa lugha yao, kwa adabu, akaondoka.

Kesho yake alfajiri nikiwa kitandani nikasikia ting, ting, ting kutoka karakana. Ulikuwa unapiga spoku za gurudumu la mteja mwingine nililosuka jana yake, moja moja, kwa kucha, unasikiliza, unakaza, unapiga tena. Kisha ukalirudisha kwenye msumari wake kama nilivyoliacha, ukaingia ndani kupika chai. Asubuhi nikampa mwenyewe, akaendesha, akasifu. "Fundi mkono wako haujazeeka." Wewe ulikuwa unamimina chai. Hukuinua hata uso.

Ukafanya hivyo muda mrefu. Kila alfajiri nilikuwa macho, Tatu. Nilikuwa nasikia spoku ya kwanza mpaka ya mwisho, na nilikuwa najua ipi nilikosea kabla hujaifikia, maana sikio langu bado zima. Nikawa nalala kimya nisikuaibishe. Na wewe unafanya kimya usiniaibishe. Mama yako katikati, anajifanya amelala. Nyumba nzima ya waongo, na chai ikiiva kwa wakati wake. Nilipaswa kuona aibu au kushukuru. Sikuona chochote. Nililala tu nikihesabu milio.

Nilisema sikuona chochote. Ganzi iliniachia siku moja tu, mwezi uliopita, zilipokuja ringi mbili za majaribio kutoka kiwandani, zile walizozifinyanga kwa mchoro wako baada ya daktari kuwaonyesha watu wa Arusha daftari lako. Watu wenyewe wanapandisha watalii mlimani kwa baiskeli na ringi zao zinavunjika kwenye mawe, kwa hiyo wanataka mtu wa kuwachagulia na kuwachorea. Ulifungua boksi kama mtu anayemfungua mtoto aliyelala mgongoni. Nikaona ukingo. Uliufanya mnene, umeviringwa. Nilikuambia zamani, kwa kuropoka tu, kwamba chungu kizuri mdomo wake ni mnene ndiyo maana hakimeguki kikigongwa na mwiko, na ukingo mwembamba wa ringi utakata tairi kwenye jiwe kama kisu. Sikujua kama ulisikia. Kumbe uliuchora. Nilitazama mdomo wa chungu changu ukiwa mweusi wa kaboni, umetoka ng'ambo ya bahari, na nikahisi kitu kimepita kifuani. Kilipita haraka. Lakini kilipita.

Halafu ukachukua sarafu ukaanza kuigonga ile ya kwanza kuzunguka, tik tik tik, na ilipofika mahali fulani mlio ukawa mzito, tak. Tulitazamana. Kabla hatujasema, mama yako, ambaye amekulia kwenye vyungu vya mama yake sokoni, akapaza sauti kutoka jikoni, "Hicho kimepasuka, warudishieni!" Tulicheka wote watatu. Mimi pia nilicheka, mdomo ulicheka. Ile mbovu ikabaki ukutani, na nzuri ukaifunga kwa kanga, ukasema utaisuka ukifika, ndiyo utakayoshuka nayo mlimani mbele ya bosi. Akiridhika wanaagiza nyingine kwa jina lako, ikivunjika wanatafuta mtu mwingine.

Hilo la kugonga ndilo ninalotaka ubaki nalo. Chuma kinapinda, unakiona, unamwambia mtu teremka. Kaboni inakaa nyeusi ileile, inang'aa ileile, na ndani tabaka zimeachana siku nyingi. Mimi siku hizi ni hivyo. Ukipiga simu ukauliza, "Hujambo Baba?" nitasema sijambo, na utakata ukiwa umeridhika bure. Usiniulize. Nipe habari ya ringi, unichokoze, useme nyembamba ndiyo bora. Halafu sikiliza ninavyojibu. Utajua kama ni tik au tak.

Sasa sikia nilichofanya leo, na usinikasirikie mpaka umalize.

Kwanza, Bosco alikuja saa nne nikampa stendi. Ile ya kusukia magurudumu, niliyorithi. Nimempa pamoja na spana za spoku. Ana mikono mizuri, umemfundisha mwenyewe bila mimi kujua, au ulidhani sijui. Alisema, "Mzee, na wewe?" Nikamwambia mimi nitakaa kijiweni kwake, niwe sikio lake, atanipigia spoku nami nitamwambia ipi inadanganya. Akaibeba kichwani mpaka Kibirizi. Nilitazama inavyokwenda na sikusikia chochote. Palipokuwa stendi sasa pana alama nne za miguu yake sakafuni. Kwa hiyo ile sababu yako ya kushuka Tabora haipo tena. Hakuna magurudumu ya kuniachia peke yangu. Ukirudi utakuta mama yako, mimi na kuku.

Radhi zangu unazo. Nilikuwa nazo tangu siku ya ngata. Nilikuwa nimezikalia tu.

Pili, kabla Bosco hajafika, nilifungua kanga yako.

Nimeisuka ile ringi. Najua ilikuwa kazi yako. Nimeiba. Ulipotoka tu kwenda Bangwe nikaiweka kwenye stendi, mara ya mwisho. Spoku niliziingiza kwa macho, na kukaza nilikaza kwa sikio. Nilikuwa nageuza spana, napiga kwa kijiti, nainamisha kichwa. Napiga tena. Sikuikaza kama ya magunia ya dagaa, nimejifunza. Mama yako alileta chai, akaweka, akaondoka kwa vidole vya miguu. Ilipoa. Nilipomaliza niliizungusha na ikaenda kimya, au mimi niliona imekwenda kimya. Iko kwenye kona, imefungwa kama ilivyokuwa.

Upande wa kulia, karibu na tundu la valvu, kuna spoku mbili sina hakika nazo. Zinalia karibu sawa, na hilo "karibu" linanisumbua. Nilizirudia mpaka nikaacha. Huenda kuna nyingine nisiyoijua. Ringi ni yako, mlima ni wako, na shingo ni yako, kwa hiyo usiipande kabla hujaipitia yote.

Ila usiamke alfajiri. Nakuomba hilo moja. Usiifanye gizani ukairudisha kwenye msumari. Ipandishe kwenye stendi yao mchana, mbele ya bosi na wenzako wote, uipige spoku moja moja wasikie. Wakikuuliza nani kaisuka, sema, "Ni baba yangu, na hapa amekosea." Halafu ikaze.

Ni mimi babaako,
Fundi Ramadhani